Dopamini: mjomba imemzidi, mimi imeniisha?

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, twakaa Kisauni, Mombasa. Naendesha tuktuk ya mtu. Zamani nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena upande wa Miritini, mpaka mizigo ilipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli tukapunguzwa. Tangu hapo ni madeni juu ya madeni. Mwenye tuktuk ataka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna kodi, kuna karo, kuna mikopo ya simu ambayo nalipa huu kwa ule.

Nitakueleza jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia sawasawa. Sina raha ya kitu chochote. Si kwamba nalia, silii. Mwanangu mdogo aliposimama mwenyewe akapiga hatua, mamake alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuangalia kuna nini. Mimi nikasema mashallah kwa mdomo tu, nikarudi kwenye simu. Jumapili zamani ilikuwa lazima nishuke Tudor na mshipi wangu, hata nikirudi na changu wawili watatu moyo umetulia. Sasa huo mshipi uko juu ya kabati. Biriani ya Ijumaa naila kwa sababu nimewekewa. Nalala saa saba usiku, saa kumi macho yako wazi.

Kinachonishtua ni kandege peke yake, ule mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Pale moyo huenda mbio. Lakini hata nikishinda sifurahi, naweka tena. Mwezi uliopita niliweka hesabu ya bosi yote ikapaa nayo. Na ili nikeshe barabarani natafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa.

Mamangu asema nimerogwa. Alinipeleka kwa sheikh nikasomewa, nikapata afueni kidogo, kisha ikarudi. Binamu yangu naye amenitumia video ya TikTok isemayo eti stresi na simu zimenimalizia dopamini kichwani. Akaniletea kopo la unga aliloagiza mtandaoni, limeandikwa Mucuna pruriens, eti larudisha.

Linalonichanganya ni hili. Mjomba wangu alipatwa na maradhi ya akili akiwa kijana. Husikia sauti, na huamini watu wa redioni wamsema yeye. Yuko kwenye sindano za kila mwezi na vidonge, na daktari alituambia dopamini yake imezidi. Mimi naambiwa yangu imeisha. Vipi kitu kimoja kikizidi ni ugonjwa wa akili na kikipungua ni ugonjwa wa akili? Naogopa nami naelekea huko. Na nikienda hospitali si nitapewa dawa kama zake, niwe mtu wa kuburura miguu? Juzi kwa kukosa usingizi mamangu alinipa kidonge kimoja cha mjomba. Nililala mpaka adhuhuri, nikaamka taya limekaza.

Na kuna usiku nawaza kwamba nisingekuwako wangepumzika. Sijafanya lolote, ila hunijia.

Dereva, Kisauni

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na ulichokiweka mwisho. Leo, kabla hujalala, mwambie mkeo maneno yale yale uliyoniandikia, bila kuyapunguza. Kama kumwambia yeye ni kugumu, mwambie kaka yako au rafiki mnayeaminiana. Na wazo hilo likianza kuwa mpango, yaani ukajikuta unafikiria lini na vipi, usingoje kupambazuke. Nenda Makadara, hospitali kuu ya Pwani, mlango wa dharura, saa yoyote, na usiende peke yako. Najua watu huogopa kutamka haya mbele ya daktari wakidhani wataitiwa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikwisha kuamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho chaenda kinyume cha katiba. Na kuwa na wazo tu, ukalisema ili usaidiwe, hakujawahi kuwa kosa la mtu yeyote.

Sasa mjomba wako na wewe. Swali hilo lina akili kuliko video zote alizokutumia binamu yako.

Dopamini si petroli ya kwenye tangi, kwamba mjomba wako amejaza mpaka inamwagika na wewe mshale uko chini. Ni mjumbe. Seli za neva za aina fulani, chache mno ukilinganisha na ubongo mzima, zimekaa katikati ya ubongo kuelekea shina lake, na kutoka hapo zimetupa nyuzi kila upande. Nyuzi nyingine zashughulika na mwendo wa mwili, na seli hizo zikifa mtu hupata maradhi ya Parkinson, yale ya kutetemeka na kukakamaa mwili. Nyingine zaenda kwenye sehemu inayoamua kipi kifaa kufuatwa na kipi kiachwe. Nyingine zafika mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, tunapopangia mambo na kujizuia. Mswidi Arvid Carlsson ndiye aliyeonyesha miaka ya 1950 kwamba dopamini ni mjumbe kamili wa ubongo, na mwaka 2000 akapata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa imezidi au imepungua, uliza: wapi, wakati gani, na kwa jambo lipi? Mtu mmoja aweza kuwa nayo nyingi sehemu moja na kidogo sehemu nyingine kwa wakati mmoja, na katika skizofrenia, maradhi ya kusikia sauti kama ya mjomba wako, watafiti wengi waona ndivyo ilivyo.

Mjomba wako maradhi yakimpanda, seli hizo humwaga dopamini kupita kiasi ndani kabisa ya ubongo, pale panapopima uzito wa mambo. Kila kidogo chapigwa muhuri wa "hili ni kubwa, na lakuhusu wewe". Mtangazaji wa redio akikohoa, mimi na wewe hatusikii hata. Yeye kikohozi kile humfikia kizito kama habari ya msiba, na akili yake, kwa kuwa ni akili inayofanya kazi, hutafuta maelezo ya uzito huo. Ndipo inapozaliwa ile imani kwamba redio yamsema. Dawa za maradhi haya, tangu ile ya kwanza, klopromazini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, huziba vipokezi vya dopamini, yaani milango inayopokea ujumbe wake, ili kelele ipungue. Lakini haziwezi kuchagua vizuri mahali pa kuziba, ndiyo maana huweza kugusa na mwendo wa mwili: miguu kuburura, shingo kupinda, taya kukaza.

Hilo taya lako basi ndilo hilo. Kidonge kile usikinywe tena, na mwambie mamako kwa adabu kwamba ni dawa ya nduguye, si dawa ya nyumba. Kuziba dopamini kwa mtu ambaye hamu yake tayari imelala ni kumzidishia. Taya likikaza tena, au ulimi ukawa mzito, au shingo ikavutwa upande, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na inatibika upesi.

Tuje kwako. Watu wamezoea kuiita dopamini kemikali ya furaha, na hapo ndipo TikTok yote inapopotea. Mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwachunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote. Hawakuinuka kwenda kula hata chakula kikiwa mbele yao, na wasingelishwa wangekufa. Lakini walipotiliwa kitu kitamu mdomoni walilamba midomo kama panya yeyote. Utamu waliuonja. Walichokosa ni lile linalokuinua kitini ukautafute.

Soma tena barua yako. Hukuniandikia kwamba biriani imekuwa chungu. Umeandika kwamba waila kwa sababu umewekewa. Hukusema bahari yakuudhi, umesema mshipi uko juu ya kabati. Naona kwamba kilichokuondoka zaidi ni ile kani ya kufuata, na kuna sababu ya kutumaini kwamba ladha yenyewe bado ipo chini yake.

Kandege kinakuamsha kwa nini basi? Mtafiti Wolfram Schultz alikuwa akirekodi seli za dopamini za nyani huku akiwapa tone la juisi. Juisi ikija bila kutazamiwa, seli zilifyatuka. Nyani wakishajifunza kwamba taa hutangulia juisi, seli zilifyatuka taa inapowaka, na juisi yenyewe ilipokuja zilikaa kimya. Taa ikiwaka na juisi isije, zilizima. Yaani zahesabu tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Mshahara unaojulikana, mke unayemjua, njia ile ile ya Buxton, hayo yote yameshatarajiwa. Kandege kimeundwa kisitarajike. Hujui kitakatika kwa mara moja na nusu ya pesa uliyoweka au kitapaa mpaka mara ishirini, na kila ukitoa mapema ukakiona kinaendelea kupanda, ubongo walisoma hilo kama ulikaribia, haulisomi kama umekosa. Ndiyo maana ukishinda hufurahi: seli zako zimeshahamia mzunguko unaofuata. Waliotengeneza mchezo ule wanajua wanachofanya, na sina la kuwasifia.

Stresi yaingia hapa. Neno hili kwa maana yake ya kitabibu lilienezwa na mtafiti Hans Selye, aliyeandika makala yake ya kwanza mwaka 1936 kuhusu namna mwili unavyojibu adha za kila aina. Ukishtuka, tezi ndogo zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Kwa muda mfupi hilo ni jema, hata dopamini huongezeka: lori likikukatia mbele pale mzunguko wa Kongowea, akili yako huwa kali kuliko siku zote. Ubaya ni pale shida isipokwisha, na huna pa kuishikia. Panya wakiwekwa kwenye usumbufu mdogo mdogo kwa wiki kadhaa, leo kizimba kimeinamishwa, kesho matandiko yameloa, hufika mahali hawachagui tena maji ya sukari kuliko maji matupu. Hakuna aliyewapiga. Ni adha ndogo ndogo zisizotabirika tu. Na hesabu ya kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, ni nini kama si hiyo?

Kukosa hamu na raha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kukatika alfajiri na mawazo ya kufa, ndizo dalili ambazo daktari hupimia sonona, au unyogovu kama wengine wanavyoita. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua. Lakini barua yako yatosha kukupeleka kwa mtu anayeweza. Nawe usitoke hapa ukisema sonona ni upungufu wa dopamini. Hiyo ni kamba moja kati ya nyingi. Kuna serotonini, mjumbe mwingine wa ubongo, kuna urithi, kuna usingizi, kuna umaskini wenyewe, na nani aliyekukalia upande wakati mzigo ulipokuwa mzito. Hakuna kipimo cha damu cha jambo hili, kwa kuwa dopamini iliyo kwenye damu haivuki kuingia ubongoni. Ukiambiwa ulipie kipimo cha dopamini, pesa zako ziache mfukoni.

Na lile kopo. Mwanangu, Mucuna pruriens ni upupu. Ndiyo, upupu ule ule wa kumwagiwa mwenzako kwenye kola akawashwa mpaka akavua shati. Mbegu zake kweli zina levodopa, kitu ambacho huvuka mpaka ubongoni kikageuzwa kuwa dopamini, na levodopa ni dawa ya heshima kwa mgonjwa wa Parkinson, kwa kipimo cha daktari. Lakini sikiliza yanayowapata baadhi ya wagonjwa hao dawa za kuongeza nguvu ya dopamini zikiwazidi: wengine huanza kuona visivyokuwepo, na wengine, watu wazima wasiowahi kushika karata, huanza kucheza kamari wasiweze kuacha. Wewe una kandege mfukoni na mjomba anayesikia sauti. Usilifungue kopo hilo.

Muguka nao ni mlango huo huo. Ndani yake mna kathinoni, kichangamshi kinachosukuma dopamini itoke kwa nguvu, kisha asubuhi yakuacha chini ya ulipokuwa. Usingizi wako wa saa kumi, nusu ya kesi hiyo ni muguka. Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku Mei 2024 na mahakama ikasitisha amri, watu walibishana sana, na mimi ya wakulima na magavana sitayaingia. Nasema kwa nyumba yenu: ambako kumeshatokea maradhi ya kusikia sauti, muguka ni hatari zaidi kuliko kwa jirani. Ukiacha, siku za kwanza utakuwa mzito, wa kusinzia na mwenye hasira, kwa hiyo usikubali zamu za usiku wiki hiyo. Nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 ukitaka wa kukushika mkono.

Hofu ya kurithi naielewa. Kuwa na mjomba mwenye skizofrenia huongeza uwezekano kidogo, lakini walio wengi wenye jamaa kama huyo hawaipati kamwe, na kwa wanaume huanza zaidi mwishoni mwa balehe hadi miaka ya ishirini na kitu. Wewe ni 34 na yaliyokupata hayafanani na yake. Dawa za sonona kwa kawaida ni za aina nyingine kabisa, hazizibi dopamini kama za mjomba. Huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kitu. Huenda usipewe dawa, ukapewa mazungumzo ya matibabu. Mara nyingi ni vyote viwili.

Kuna jambo moja unaloweza kuanza kesho. Mwaka 1967 wanasaikolojia Steven Maier na Martin Seligman walitoa habari za mbwa waliopigwa shoti ya umeme wasiyoweza kuizuia. Baadaye hata walipofunguliwa njia ya kukimbia, wengi walilala tu pale pale. Ikasemwa kwamba wamejifunza kukata tamaa. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wao wenyewe waliandika kwamba walikuwa wameielewa kinyume: kulala pale pale ndiko kunakokuja kwenyewe shida ikirefuka, na kinachofunzwa ni kwamba ninaweza kudhibiti jambo. Sehemu ya mbele ya ubongo ikishalipata somo hilo, huituliza ile ya ndani.

Kwa hiyo usingoje hamu ije ndipo ushike mshipi. Mbele huenda mshipi, hamu hufuata, tena kwa kuchelewa. Chagua siku na saa, Jumapili baada ya alfajiri ni sawa, mchukue na mwenzako mmoja atakayekuja kukugongea mlango, ukae nusu saa uondoke. Usijiulize ulifurahi kiasi gani. Wiki ya kwanza hutafurahi. Nyumbani vivyo hivyo, jambo moja dogo lililo mkononi mwako kila siku, kama kumwogesha mtoto, simu ikiwa chumba kingine.

Hesabu ya bosi itume mara tu inapotimia, isilale kwenye simu yako hata saa moja. Kandege kifute, na pesa zinazobaki zipitie kwa mkeo kwa sasa. Hapo nitakuwa mkali kidogo: kemia ya ubongo yaeleza kwa nini mkono ulikwenda, lakini deni la yule bwana bado ni lako. Mwendee, mwambie ukweli, mpange malipo kidogo kidogo. Deni ulilolisema laumiza kichwa kidogo kuliko deni unalolikimbia, na kupunguza stresi yenyewe ni sehemu ya matibabu.

Kuhusu sheikh, endelea kusomewa kama moyo wapata utulivu. Dua haigombani na daktari. Akitokea wa kukwambia uache hospitali ndipo upate baraka, huyo muage.

Kliniki ya afya ya akili iko Port Reitz, na Makadara pia. Nenda na mkeo. Usiseme "sina usingizi" ukanyamaza, maana utapewa cha usingizi urudi nyumbani. Taja hamu iliyopotea na tangu lini, kandege, muguka na kiasi chake, mjomba na maradhi yake, kidonge ulichokunywa na taya lililokaza, na yale mawazo ya usiku. Yaandike kwenye karatasi umpe asome, ukiona ulimi waona haya. Ukifika ukaambiwa daktari hayuko, ulizia siku ya kliniki, lakini kama mawazo yale yamekuzidi siku hiyo usikubali kurudishwa: sema wazi hapo hapo kwamba wawaza kufa, na ukae mpaka mtu akuone.